Funguo Zinaachwa kwa Nani?

Ufunguo wa maabara yetu ni wa kawaida. Umefungwa waya mwekundu wa umeme ili usichanganywe na ule wa stoo, na meno yake yamelika kwa kutumika. Kwa miaka sita niliuona ukipita mbele ya macho yangu. Shefu, yaani mkuu wetu wa maabara, akienda likizo, akiitwa mjini Kolwezi kwenye mkutano, akiugua malaria, ufunguo ulitoka mfukoni mwake ukaingia mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa mimi hata mara moja. Wengi wao niliwatangulia kazini. Wawili niliwafundisha mwenyewe kusoma bureti, bomba la kioo la kupimia vimiminika, jicho likiwa sawa na mstari.

Juzi binti mmoja anayesoma Politekiniki hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo, aliyekuja kwetu kwa mafunzo, alinisubiri mpaka wenzake wote wakapanda basi. Kisha akaniuliza, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, "Yaya, mwanamke anafanyaje ili awe shefu?" Nafikiri alitarajia nimwambie habari za bidii na kujiamini. Bidii anayo tayari. Nimemwona akirudia kipimo kimoja mara nne bila kuambiwa na mtu. Nikamuuliza, "Kule ulikofanya mafunzo ya kwanza, shefu akisafiri alikuwa anamwachia nani funguo?" Akafikiri. "Papa mmoja, baba mtu mzima. Halafu huyo papa asipokuwepo, kijana mmoja." Nikamuuliza wanawake walikuwa wangapi pale. Wanne.

Dereva alikuwa anapiga honi, nikamwambia nitamjibu vizuri siku nyingine. Jibu lenyewe ni refu, na linawahusu wengi zaidi yake, ndiyo maana naliandika hapa.

Kukaimu, au enterimu kama tunavyosema Lubumbashi, kunaonekana jambo dogo. Ni wiki tatu, pengine mwezi. Mwenye cheo anarudi na maisha yanaendelea. Lakini nimekaa kazini miaka ya kutosha kuona kinachobaki baada ya wiki hizo tatu. Anayekaimu anaingia kwenye mkutano wa asubuhi pamoja na wakuu wa idara. Mkurugenzi anaijua sura yake. Jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaopokea ripoti, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuliondoa. Anatia saini. Anakosea akiwa bado na mtu wa kumrekebisha, na hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu anayekosea kwa mara ya kwanza akiwa shefu kamili hasamehewi upesi. Halafu siku nafasi inapotangazwa, karatasi ubaoni inasema anatakiwa mwenye uzoefu wa kuongoza kikosi. Yeye anao. Wewe uliyebaki kwenye meza ya sampuli, ukifanya kazi yako na nusu ya kazi yake, huna.

Tarehe 1 Aprili 2024 tulisikia kwamba Judith Suminwa Tuluka ameteuliwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu. Mama mmoja anayefanya usafi kwenye bilo zetu, yaani ofisi, alinikumbatia kwenye korido, machozi yakimtoka. Nilifurahi na bado nafurahi. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri hapa Kongo, Sophie Lihau-Kanza, aliteuliwa mwaka 1966. Toka kwake hadi kwa Suminwa imepita miaka 58. Nilichokitazama zaidi ni njia. Suminwa alikuwa waziri wa Mpango tangu 2023. Malangu Kabedi Mbuyi, mwanamke wa kwanza kuteuliwa kuongoza Banque Centrale du Congo, benki kuu yetu, mwaka 2021, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Hakuna aliyeokotwa barabarani akapewa kiti. Kila mmoja alikuwa ameshaachiwa jambo zito kabla ya hapo, akalishika, watu wakaona. Nilipoingia kwenye mkutano wa asubuhi wa kiwanda wiki ile ile, walikaa wanaume kumi na mmoja pamoja nami. Nilijiuliza ni nani kati yetu alikuwa anamwandaa mwanamke wa kukaa kiti cha kumi na tatu.

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akikaimu alikuwa mama yangu mzazi.

Mtu asiye wa mji huu huenda asielewe uzito wa neno kazi kwetu. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi, ikawaleta wanawake humo wakiwa wake wa wafanyakazi. Posho ya mke na watoto ilitolewa kwa hesabu ya mume. Wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea. Ndiyo maana kinywani mwa wazee wetu kazi ilikuwa na sura ya mwanaume aliyevaa kofia ngumu, anayeitika king'ora alfajiri. Baadaye kampuni ilipotaifishwa na kuwa Gécamines, watu walisema, "Gécamines njo baba, njo mama," yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Halafu ikaanguka miaka ya tisini, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpigo katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari.

Baba hakuwa Gécamines. Alikuwa fundi kwenye kiwanda kidogo ambacho kilifunga milango nikiwa shule ya msingi, wakati viwanda vingi vya mji vilikuwa vinazimika kimoja kimoja. Lakini mambo ya nyumba yetu yalikuwa mambo ya nyumba zote za mtaa wetu Katuba. Baba alikaa kwenye kiti uani na redio. Mama alianza kuuza unga.

Alinunua magunia yaliyotoka upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akauza kwa kopo kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Baada ya mwaka mmoja wanawake wenzake wakamfanya mtunza pesa wa kitemo, mchango wa kupokezana kwa zamu. Walikuwa wanawake ishirini na wawili. Naliona daftari lile hadi leo, la jalada la bluu, majina upande wa kushoto, na kila Jumamosi msalaba mdogo. Pesa zilihesabiwa mara mbili, na mara ya pili zilihesabiwa na mtu asiyekuwa ndugu wa yule wa kwanza. Mama mmoja alipofiwa na mumewe na kushindwa kuchanga, mama yangu aliwaita wenzake mmoja mmoja kabla ya Jumamosi, akawaomba wabadilishane zamu ili mjane apokee mapema badala ya kufukuzwa. Hadi Jumamosi inafika jambo lilikuwa limekwisha, na hakuna aliyeaibika. Nimeshahudhuria semina za uongozi za siku tatu kwenye hoteli ya mjini, nikapewa cheti, na sijafundishwa huko jambo zito kuliko lile.

Jambo lingine nililiona kwa bahati, mlango wa chumba ukiwa nusu wazi. Kabla ya shule kufunguliwa mama alimkabidhi baba pesa za minervali, yaani karo, zikiwa zimekunjwa. Jioni baba akatuita sebuleni, akatugawia kila mmoja zake na maneno ya kututia moyo. Mama alikaa pembeni akichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa anafanya kazi ya kichwa cha nyumba na kumrudishia baba jina lake. Nilipokua nilielewa kwamba alifanya hivyo kwa upendo, na baba alijua, na ile heshima ndiyo iliyomzuia asivunjike kama baba wengine wa mtaa. Simlaumu mama hata kidogo. Ninachosema ni kwamba miaka kumi na tano ya kazi ile haikuandikwa mahali popote.

Siku alipotaka mkopo ili akodi kibanda chenye kufuli, aliambiwa alete idhini ya bwana wake. Baba wakati huo alikuwa amekwenda Kolwezi kubahatisha, na simu zilikuwa chache. Mama alipanda lori kumfuata, akarudi siku ya tatu na karatasi yenye saini. Kibanda kilikuwa kimechukuliwa na mtu mwingine. Ndivyo sheria ilivyokuwa: Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za familia, ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Siku hiyo hiyo ilisainiwa pia sheria iliyorekebisha Kodi ya Kazi, kitabu cha sheria za kazi, na marufuku ya wanawake kufanya kazi usiku viwandani ikaondoka. Nilimsomea mama mabadiliko hayo kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, tukiwa mezani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia chumbani, akatoka na daftari la bluu, na ndani yake ilikuwepo karatasi ya baba, imekunjwa mara nne. Akaniuliza, "Sasa hii niitupe?"

Hajaitupa. Ninayo mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitano kwenye maabara. Kampuni siitaji, kwa sababu kilichonipata kimewapata wengi kwenye makampuni mengi, na sitaki msomaji afikiri kwamba ugonjwa uko kwenye nyumba moja. Nilikuwa na diploma, nilikuwa nafika mapema, vipimo vyangu vilikuwa havirudishwi. Nafasi ya shefu wa zamu ilipotangazwa niliomba. Akachaguliwa kijana aliyekuja miaka mitatu baada yangu. Alikuwa mzuri kazini, sina neno juu yake. Alikuwa amekaimu mara tano.

Nilikwenda kumwona shefu, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniachia mimi. Alishangaa kweli, niliona usoni kwake kwamba swali lile halikuwahi kumfikia. Akasema, "Mama, nilikuhurumia. Uko na mtoto mchanga. Enterimu inaendana na simu za usiku, na kazi ya usiku haiko ya bamama." Hakuwa mtu mbaya. Mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyenipa gari. Na mtoto mchanga aliyekuwa anamsema alikuwa ameshaanza shule.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotushika wengi wetu. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na dharau, kwa sababu dharau unaijua ikija. Sikuwa nimejiandaa kwa huruma. Mtu anakaa bilo kwake, anafikiria usiku wako, mtoto wako, bwana wako, njia yako ya kurudi nyumbani, anaamua kwamba ni mzigo, anakuondolea, na hakuambii. Kila mara anajisikia amekutendea wema. Miaka sita ya wema wa namna hiyo inakuacha palepale ulipoanza. Na kwa kuwa hakukuuliza, hukupata hata nafasi ya kusema kwamba dada yako anakaa nyumba ya pili, kwamba bwana wako yuko zamu ya mchana, kwamba tatizo lako halisi ni mita mia sita za giza kati ya kituo cha basi na mlango wako.

Ndiyo, yapo majira ambayo mwanamke mwenyewe atasema hapana. Nimeshasikia hapana hiyo, na nimeiheshimu. Ila aulizwe, na aulizwe tena mwaka unaofuata, maana watoto wanakua.

Yule shefu alihamishwa mwaka 2017, akaja papa mmoja wa kizazi cha zamani, mwembamba, asiyecheka ovyo, mwenye tabia ya kupiga mizani kidole kabla ya kuiamini. Hakuwa mtu wa hotuba za Machi 8, siku ya wanawake. Mwezi wa tano kazini aliitwa kijijini kwa kilio. Asubuhi ile alisimama mbele ya kikosi kizima akiwa ameshika noti ya servisi, karatasi rasmi ya kazi, yenye muhuri, akaisoma kwa sauti: toka leo hadi tarehe fulani, anayekaimu ni huyu, na jina langu. Ana mamlaka ya kutia saini vyeti vya uchambuzi. Posho ya enterimu atapewa. Basi la usiku limpitishe hadi nyumbani. Kisha akanikabidhi ufunguo wenye waya mwekundu mbele ya wote, akatoka.

Nawaomba wenye vyeo wanaosoma hapa waangalie alichokifanya, kwa sababu kila kipande kilikuwa na kazi yake. Karatasi iliondoa ubishi. Muhuri uliifanya ifike kwa wahasibu na walinzi wa geti. Kusoma mbele ya watu kuliniepusha na kuanza siku ya kwanza kwa kujitetea. Posho ilisema hii ni kazi, siyo msaada. Na basi lilikuwa jibu kwa zile mita mia sita, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziuliza kabla yake. Aliniuliza siku moja kabla, akiwa amesimama mlangoni: "Ukibaki usiku, nini kitakusumbua?" Swali la sekunde tano.

Siku ya tisa ya enterimu ile, saa tano usiku, mvua ikinyesha ya kupasua mabati, malori manne yalikuwa yamejaa hidroksidi ya kobalti, bidhaa ya kiwanda chetu, yakisubiri cheti ili yaondoke kwenda Kasumbalesa. Hidroksidi ina maji mengi sana, hata nusu ya uzito wake, na mnunuzi halipii maji. Kwa hiyo sampuli inapimwa, inawekwa kwenye tanuri ya nyuzi 105, inapimwa tena, inarudishwa, inapimwa tena, hadi uzito ukatae kushuka. Cheti kilikuja kwangu kikisema unyevu asilimia 48. Nilifungua daftari la zamu kabla ya kusaini. Kulikuwa na pimo moja tu baada ya tanuri. Moja.

Nilimuuliza kijana wa zamu. Akainamisha kichwa, alisema wa usafirishaji walikuwa wanamsukuma. Wa usafirishaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, koti likichuruza maji. "Tia sinyatiri tu, mama. Shefu njo vile anafanyaka." Nilijua si kweli. Nilijua pia kwamba nikikataa, madereva wanne watalala getini na asubuhi simu zitaanza kwa mkurugenzi, na jina litakalotajwa ni langu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, naukumbuka juu ya kalamu. Nikaandika kwenye daftari: sampuli irudi tanurini, malori yasubiri, uamuzi wangu, saa na saini.

Tulipima saa saba, uzito ulikuwa umeshuka. Tukapima saa tisa, ukashuka tena. Saa kumi ukasimama, na saa kumi na moja ulikuwa uleule. Asilimia 53. Kwenye tani 120 za malori manne, asilimia tano zile ni tani 6 za maji ambazo tungeziuza kwa jina la bidhaa, na maabara ya mnunuzi ingeziona siku ya kwanza, na toka hapo kila cheti chetu kingetiliwa shaka. Nilisaini. Malori yalitoka kukipambazuka, mvua imekatika, na kijana wa zamu alikuja kuniletea chai bila kusema neno.

Papa aliporudi alisoma daftari lote akiwa amesimama. Kwenye ukurasa ule aliandika neno moja, "Nimeona," akatia saini chini yake. Mwaka 2019 alipostaafu na nafasi yake kutangazwa, kamati iliuliza kila mwombaji ataje uamuzi mgumu alioufanya akiwa na madaraka. Mimi nilikuwa na ukurasa wa kuwaonyesha. Wanawake wangapi katika mji huu wangekataa kusaini cheti kile, kwa akili ileile na uaminifu uleule, na hawajawahi kukaa mahali ambapo saini yao ilihitajika?

Kuna jambo ambalo halisemwi sana hadharani, nami nitalisema. Njia ya vyeo ina watu wanaodai malipo ya mwili. Wasichana wa mafunzo wanaombwa, wafanyakazi wa mikataba mifupi wanaombwa, na wengine wanaacha kazi kimya kimya wakisema nyumbani kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Sheria ya mwaka 2006 dhidi ya ukatili wa kingono imeufanya unyanyasaji huo kuwa kosa la jinai, na ni vizuri kila mwanamke alijue hilo kabla ya kusaini mkataba. Upande wa pili wa uovu huo ni uvumi. Mwanamke akipanda, wanasema alipandia kitandani. Waliyasema juu yangu pia. Shemeji yangu aliyasikia baa huko Kamalondo, akayaleta nyumbani. Bwana wangu alimsikiliza, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia geti akirudi na basi la kazi," akaendelea kula bukari yake, ugali wetu. Nimebarikiwa kwa hilo. Lakini usalama wa mwanamke kazini usitegemee kwamba ameolewa na mtu mwema. Kinachopunguza nguvu ya anayedai, na nguvu ya anayevumisha, ni pale ambapo nani anakaimu, lini, na kwa sababu gani, kumeandikwa ukutani na kila mtu anakusoma anapoingia.

Kwetu kumeandikwa. Kila Januari tunabandika orodha ya enterimu ya mwaka mzima karibu na mizani. Kila mwenye sifa yumo, mwanaume na mwanamke, kwa zamu. Anayetaka kuruka zamu anakuja kuniambia mwenyewe, na jina lake linarudi mwaka unaofuata bila kuombwa. Mwaka wa kwanza wanaume wawili walinung'unika. Mmoja wao, kijana mpole ambaye hakuna shefu aliyewahi kumwona kwa sababu ya ukimya wake, aligundulika kuwa mpangaji bora wa zamu tuliowahi kuwa naye. Leo anaongoza kikosi. Muhtasari wa mkutano unaandikwa kwa zamu pia. Kabla ya hapo uliandikwa na wanawake siku zote, na anayeandika hapati nafasi ya kusema. Mkutano wa jumla tuliutoa saa kumi na moja jioni, tukauweka saa tatu asubuhi, na hakuna kilichoharibika.

Mwaka juzi mmoja wetu alirudi kutoka uzazi. Kodi ya Kazi inampa wiki 14 za mapumziko kwa theluthi mbili za mshahara, na akirudi, nusu saa mbili kila siku za kunyonyesha. Zamu yake ya enterimu ilikuwa inaangukia mwezi wa pili baada ya kurudi. Nilihisi ile huruma ikinijia mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshashika kalamu niruke jina lake. Nikaiweka chini, nikamwita, nikamuuliza lile swali la papa: nini kitakusumbua? Akasema chumba cha kukamulia maziwa hakina kitasa. Tukaweka kitasa. Alikaimu wiki nne, nusu saa zake mbili zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba sawa na mkutano mwingine wowote, na mkurugenzi alijifunza kupiga simu dakika thelathini baadaye.

Kila Machi kampuni inatugawia kikwembe, yaani kitenge, kwa ajili ya siku ya wanawake. Nakipenda, nakishona kila mwaka, na kutembea pamoja barabarani tukiwa tumevaa sare kunanipa nguvu. Ombi langu kwa wakurugenzi wa mji huu ni kwamba siku ileile mnapogawa vikwembe, mbandike pia orodha: katika mwaka uliopita, idara zote, nani alikaimu, mara ngapi. Majina tu. Hesabu tutafanya wenyewe.

Ijumaa hii naanza likizo yangu. Nitakwenda kukaa na mama wiki mbili, anasema magoti yanamsumbua. Jumatano niliandaa noti ya servisi, nikamwita anayefuata kwenye orodha, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, miaka minne kazini. Nilimuuliza nini kitamsumbua. Akasema mtandao wa kompyuta ya ripoti, neno la siri linagoma. Tukalirekebisha. Kisha nikampa karatasi aisome kabla haijapigwa muhuri.

Aliisoma polepole, akanirudishia, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Nilikuwa nimeandika jina ambalo wote tunamwita kwalo, mama wa fulani, jina la mwanawe wa kwanza. "Yaya," akasema, "naomba hapa uandike lile lililo kwenye diploma yangu."

Nikaichana, nikaandika nyingine. Alisimama pembeni yangu hadi printa ilipomaliza, akaisoma tena, kisha akachukua ufunguo, akaenda kuujaribu kwenye mlango, mara mbili.